Uzi wa wapenzi wa picha za zamani: Hollywood ilipokuja kupiga kambi kwetu

Mtoto wa Ujiji:

Wakuu, salaam kwenu.

Usiku wa kuamkia leo nimeangalia tena The African Queen. Nimeiona mara nyingi kiasi kwamba najua Katharine Hepburn atavuta pumzi wapi kabla hajasema neno, na bado imeninyima usingizi. Nimeona nianzishe uzi wa picha za zamani za Hollywood, hasa zile ambazo mastaa wenyewe walifunga safari wakaja huku, wakaumwa homa zetu na kuungua jua letu. Wapenzi wa sinema za enzi hizo karibuni, na mwenye la kuongeza aongeze.

Nianzie nilikoanzia mimi. Nimekulia Ujiji. Baba yangu mdogo alikuwa na deki na televisheni ya inchi kumi na nne, na Jumamosi jioni watoto wa mtaa mzima tulijazana sebuleni kwake, wengine wamekaa sakafuni, wengine wamening'inia dirishani. Tulichotaka ni picha za ngumi: steringi mmoja, maadui hamsini, na steringi hafi. Siku moja akaweka mkanda ambao hatukuuelewa. Mzungu ana ndevu za siku tatu na kofia iliyochakaa, na mama wa kimishonari amefunga vifungo mpaka kooni, wawili peke yao ndani ya boti kuukuu inayotoa moshi. Tukaanza kunung'unika. Baba mdogo akasema, "Tulieni. Hii ni habari ya Liemba."

Tukatulia. Liemba tuliijua. Ilipoingia bandarini Kigoma mji mzima ulijua, na nusu ya dagaa na mawese tuliyokula yalishuka kutoka tumboni mwake.

Kisa chenyewe cha kweli ni hiki. Wajerumani waliunda meli iitwayo Graf von Götzen kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuanza kazi ziwani mwaka 1915. Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa njia ya Afrika Kusini na Kongo, zikaburutwa porini kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe ili zikawang'oe Wajerumani Tanganyika. Julai 1916, Wajerumani walipoona maji yamezidi unga, waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, huku injini wamezipaka grisi zisile kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. C. S. Forester aliandika riwaya yake mwaka 1935 juu ya vita hivyo vya ziwani, na John Huston akaigeuza filamu mwaka 1951.

Ukubwani niligundua kwamba baba mdogo alikuwa na nusu ya ukweli. Meli ya Wajerumani inayoonekana mwishoni, Louisa, si Liemba. Iliyocheza nafasi hiyo ni Buganda, chombo cha mvuke cha Ziwa Victoria. Mto wa kwenye hadithi unaitwa Ulanga na unaingia ziwani, wakati Ulanga wetu tunaoujua unakwenda kuungana na Rufiji na kumalizikia Bahari ya Hindi. Na kambi haikuwa Kigoma. Walianza Kongo, kwenye mto Ruiki, kisha wakahamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Haya yote hayakunipunguzia mapenzi hata kidogo.

Sasa nije kwa waigizaji, maana ndio hasa walionileta hapa.

Humphrey Bogart dunia ilikuwa imemzoea kwa koti la mvua na sigara mdomoni, mtu asiyetikisika. Casablanca ya 1942, inayomfanya kila mtu aamini amefika Moroko, ilipigwa studio za Warner huko Burbank, California, na mchanga wa Moroko haukugusa kiatu chake. Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Kamera ya rangi ya wakati ule ilikuwa zigo la kubebwa na wanaume kadhaa. Walikuwa wanapiga picha juu ya rafti zilizofungwa pamoja na kuvutwa mtoni: rafti ya kamera, rafti ya taa na jenereta. Boti yenyewe ilizama, ikabidi ivutwe kwa kamba kutoka chini ya maji. Karibu kila mtu aliugua, isipokuwa Bogart na Huston, ambao walikunywa wiski kuliko maji. Hepburn, ambaye alikuwa akiwasema kwa ulevi wao na kushikilia maji yake, ndiye aliyeumwa tumbo vibaya kuliko wote. Lile tukio la kanisani mwanzoni, anapopiga kinanda na kuimba wimbo wa dini jasho likimtiririka, ndoo ilikuwa pembeni yake nje ya picha ili atapike kati ya kipande na kipande. Ukishalijua hilo, liangalie tena. Ule weupe wa uso si poda.

Huston alimpa shauri moja ambalo mwenyewe Hepburn alilisifu maisha yake yote. Aliona anaicheza Rose, yule mama wa kimishonari, kwa kununa mno. Akamfuata asubuhi kibandani kwake, akamwambia amfikirie Bi Eleanor Roosevelt anapotembelea askari majeruhi hospitalini: tabasamu la kijamii, kidevu juu, hata moyo ukiwa mzito. Basi. Kuanzia hapo Rose akapatikana, na ndilo tabasamu lile unaloliona anapomwaga mtoni chupa za jini za Allnut, yule mwenye boti anayechezwa na Bogart, moja baada ya nyingine, bila kusema neno, huku mwenzake anaamka na kichwa kinamgonga.

Tukio ninalolipenda kuliko yote mle ndani lakini ni la mapema zaidi. Allnut amekaribishwa chai kwa wamishonari. Mkate, siagi, vikombe vya udongo mzuri, na tumbo la Allnut linaanza kunguruma. Linanguruma tena. Kaka yake Rose anaongea habari za Uingereza kana kwamba hakusikia. Bogart anajiangalia tumbo, anaomba radhi, linanguruma. Huyu ni staa aliyelipwa fedha nyingi ili aonekane hashindwi na lolote, na hapa ameketi mezani anaaibishwa na utumbo wake. Hakuna anayekimbia, hakuna bunduki, na huwezi kuondoa macho.

Kisha ruba. Wamekwama kwenye matete, Allnut anaingia majini kuivuta boti kwa kamba. Akipanda juu amejaa ruba mgongoni na kifuani. Rose anamnyunyizia chumvi. Bogart anatetemeka kama mtoto mwenye degedege, anasema anawachukia hawa kuliko kitu chochote. Halafu, kimya. Boti bado imekwama. Anayatazama maji. Rose anamtazama yeye. Hakuna anayesema "rudi". Anashuka. Wakuu, tukio hilo lilikamilishiwa London kwenye tangi la studio, na ruba walikuwa wa mpira, kwa sababu walishayaogopa maji ya huku. Lakini mtu yule alikuwa ametoka Ruiki wiki chache nyuma, na mwili wake ulikuwa unakumbuka.

Machi 1952 Bogart alipata Oscar ya mwigizaji bora kwa picha hii, akimshinda Marlon Brando aliyekuwa moto wa kuotea mbali. Ndiyo Oscar pekee aliyopata maishani. Hepburn alikufa akiwa nazo nne, na hakuna moja kati yake iliyotokana na Rose. Mimi kwa hilo sijawasamehe wapiga kura.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kwamba studio za Hollywood zilikuwa na ufundi wa ajabu wa kuwafanya watu wang'ae, na jua letu liliwaondolea ule mng'ao, na hapo ndipo baadhi yao walipoigiza vizuri kuliko popote. Nitaendelea na Mogambo, picha ya Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly.

---

Nyali kwa Jua:

Ahsante sana ndugu yangu, umenirudisha mbali. Marehemu babu alikuwa mpenzi wa sinema tangu ujana wake hapa Mombasa, na jina la Ava Gardner halikumtoka mdomoni hadi uzeeni. Nyanya alikuwa akiondoka barazani kila akianza kumsifu. Swali langu: hilo neno Mogambo ni Kiswahili cha wapi? Nimetafuta kamusini sikulipata, na watu huniuliza wakidhani kwa kuwa ni mtu wa pwani lazima nilijue.

---

Mtoto wa Ujiji:

Mkuu, usisumbuke na kamusi. Mogambo si Kiswahili na si lugha yoyote. Hollywood kulikuwa na ukumbi wa starehe ulioitwa Mocambo, mtayarishaji wa filamu akabadilisha herufi moja, likasikika kama la Kiafrika masikioni mwao. Neno letu la karibu ni mgambo, na mgambo hana uhusiano wowote na Clark Gable.

Lakini kando ya jina, picha yenyewe ina kitu ambacho ni nadra. John Ford, aliyezoeleka kwa picha za makauboi, alikuja mwishoni mwa 1952 na msafara wa mamia ya watu. Kambi kubwa ya mahema iliwekwa kando ya mto Kagera, na sehemu nyingine zikapigwa Kenya, wakati ambao hali ya hatari ya Mau Mau ilikuwa imetangazwa Oktoba mwaka huohuo. Gable alikuwa na miaka 51, na Grace Kelly alitimiza 23 akiwa kambini.

Angalieni hili. Mwaka 1932 Gable alicheza Red Dust, hadithi ya mwanaume mmoja na wanawake wawili kwenye shamba la mpira Asia, yote ikiwa ndani ya studio. Mogambo ni hadithi hiyohiyo, na mwanaume ni Gable yuleyule, miaka 21 baadaye. Ukiziangalia kwa mfululizo, usiku huu moja na kesho ya pili, unaona maisha ya mtu. Ile ya kwanza anaingia chumbani kama mwenye nyumba. Ya pili anaingia taratibu, mabega yamelegea, jua limemkunja uso, na anapomtazama Grace Kelly unaona anajua kabisa kwamba binti huyu ni wa umri mwingine. Hakuna mpaka poda ambaye angeweza kumchorea hilo.

Na Ava Gardner! Babu yako alikuwa na jicho, mkuu. Ava alizaliwa mashambani North Carolina, nyumba ya wakulima wa tumbaku, na studio ilimfundisha upya namna ya kutamka maneno. Mle Kagera anacheza kama mtu aliyerudi shamba. Kuna tukio analisha ndama wa tembo, ndama anamzidi nguvu, anamsukuma, Ava anaangukia kwenye tope. Picha inaendelea, naye anaendelea kugombana na wanyama wake, amechafuka nywele mpaka miguu, na hapo ndipo mwanamke aliyesifiwa duniani kote kwa uzuri anakuwa mzuri kweli. Aliteuliwa kugombea Oscar mwaka ule, mara pekee maishani mwake, akashindwa na Audrey Hepburn wa Roman Holiday.

Jambo jingine, zimeni taa na sikilizeni. Ford hakuweka okestra. Picha ya mapenzi ya kampuni ya MGM, ambayo kawaida ingejaa vinanda vya kuliza watu, mle ndani ina ngoma, waimbaji wa huku, na wadudu wa usiku. Gable na Grace Kelly wanabusiana, na nyuma yao hakuna kitu ila usiku wa Afrika. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilifikiri spika zangu zimeharibika.

Na kwa wanaopenda visa vya mastaa: Ava alikuja na mumewe, Frank Sinatra, ambaye wakati ule kazi ilikuwa imemwendea kombo kabisa. Alikaa kambini akimsubiri mkewe amalize kazi. Akiwa huku ndipo alipoitwa kufanyiwa majaribio ya From Here to Eternity, akaruka kwenda Marekani, akapata nafasi, na ikamletea Oscar. Alifika Kagera kama mume wa Ava Gardner, na mwaka uliofuata dunia ilimkumbuka upya.

Hispania ya Franco nako kulitokea jambo la ajabu. Wakaguzi wa filamu hawakutaka watu waone mke wa mtu anapendana na mwanaume mwingine, basi kwenye sauti za Kihispania wakamgeuza Grace Kelly na mumewe kuwa dada na kaka. Watazamaji wakabaki wanajiuliza kwa nini kaka ana wivu kiasi kile.

---

Binti Meru:

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mtoto wa Ujiji, nimekusoma neno kwa neno. Ila ukimaliza uzi huu bila Hatari! sisi watu wa Arusha hatutakuelewa. Bibi yangu yupo hai, yupo Usa River, ameshapita themanini. Huwa anasimulia kwamba alipokuwa msichana walikuja wazungu wa picha na malori yao, wakawa wanakimbiza wanyama na kuwaachia, wanakimbiza na kuwaachia, na watu wakashangaa hawa hawali nyama wanataka nini. Hajawahi kuiona hiyo picha hata siku moja.

---

Mtoto wa Ujiji:

Marahaba binti. Msalimie sana bibi. Kama ana nguvu za kukaa saa mbili na nusu, muwekee, tafadhali, na urudi utuambie.

Hatari! Neno letu, na alama ya mshangao juu yake, kwenye mabango ya majumba ya sinema dunia nzima mwaka 1962. Howard Hawks alianza kupiga picha mwishoni mwa 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na ilipotoka tulikuwa huru. Makao yao yalikuwa Momella, Mlima Meru ukiwa nyuma ya nyumba, na wanyama waliwakimbiza Manyara na Ngorongoro.

Hadithi yenyewe ni nyepesi: watu wanakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani. Hawks hakuja na hadithi iliyokamilika. Alisema hakuna anayeweza kumwandikia faru la kufanya, kwa hiyo walikwenda porini, wakaona mnyama amefanya nini, kisha mazungumzo yakaandikwa kufuata hapo. Na waigizaji hawakuwekewa watu wa kuwabadili. Ule mti wenye kitanzi, kile kiti kilichofungwa ubavuni mwa lori upande wa mbele, na mtu mzima wa miaka 53 amekaa juu yake lori likipita kwenye mashimo ya nyati: huyo ni John Wayne mwenyewe. Mazungumzo ya matukio mengi ya kukamata wanyama ilibidi yarekodiwe upya studio, maana Wayne alikuwa akitukana akipambana nao, na matusi yale yasingepita.

Mwanzoni kabisa, kabla hata hujajua nani ni nani, faru anageuka, anakuja kwa gari na kumchoma mtu mguuni. Kisha filamu nzima wanamkwepa faru. Wanakamata twiga, pundamilia, nyani mti mzima, lakini faru amekaa kwenye mawazo yao kama deni. Anapokamatwa mwishoni, anaponyoka, anakamatwa tena, vumbi limefunika kila kitu, na unaona nyuso za watu waliochoka kweli. Nakiri moyo unaniuma pia. Leo nikiona faru wale wanavyopumua baada ya mbio zile nageuza uso kidogo. Na faru weusi wale miaka iliyofuata majangili waliwamaliza karibu wote.

Halafu kuna Elsa Martinelli, Mwitaliano, anayelea watoto watatu wa tembo waliofiwa na mama zao. Mle ndani Waarusha wanampa jina la Mama Tembo, na ni Kiswahili safi, hakuna herufi iliyobadilishwa. Muziki wa Henry Mancini wa pale anapowapeleka ndama mtoni kuoga, klarineti inatembea kama tembo mtoto anayejifunza kuweka mguu, hakika mnaujua hata kama hamjui mnaujua.

Mmoja katika kundi lile hakuondoka kabisa. Hardy Krüger, Mjerumani, aliipenda Momella hadi akanunua ardhi, akajenga, akaishi pale miaka mingi. Sehemu ya mahali pale leo ni hoteli inayoitwa kwa jina la picha. Alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 93. Mastaa wangapi walikuja kupiga picha kisha wakahesabu siku za kuondoka? Huyu alihesabu siku za kurudi. William Holden naye, yule wa Sunset Boulevard, mwaka 1959 alianzisha na wenzake klabu kule Nanyuki chini ya Mlima Kenya, na miaka yake mingi iliyobaki aliitumia kuhifadhi wanyama.

---

Mzalendo wa Kilwa:

Nakuheshimu mkuu na uzi umesheheni. Lakini niseme linalonikera. Humo ndani sisi ni nani? Wabeba mizigo, wapiga ngoma, wakimbiaji wa kwanza simba akitokea. Wewe unamsifu Bogart kutetemeka, je, yule aliyekuwa anashika kamba ya rafti pembeni jina lake lipo wapi?

---

Mtoto wa Ujiji:

Mkuu, hilo linaniuma kuliko linavyokuuma wewe, kwa sababu mimi nazipenda. Sitalizunguka.

Ni kweli. Mwanzo wa The African Queen unawaonyesha watu wetu wakiimba wimbo wa dini kwa kunguruma tu, hawajui maneno, kisha wanagombania kipande cha sigara. Ninapofika hapo huwa najisikia vibaya kila mara. Na rafti zile hazikuvutwa na malaika. Kuna wanaume wa Kongo na Uganda waliokata miti, wakajenga kambi, wakaopoa boti iliyozama, na orodha ya majina mwisho wa picha haiwataji.

Wachache walitajwa, na tuwaseme. Trader Horn ya 1931, picha kubwa ya kwanza ya Hollywood yenye sauti kuja kupigwa Afrika, ilimpa nafasi kubwa Mutia Omoolu kutoka Kenya. Ukimwangalia leo, anawazidi wenzake kwa utulivu. Wao wanaigiza kwa mikono, yeye anaigiza kwa macho. King Solomon's Mines ya 1950, iliyopigwa kuanzia Kenya hadi Kongo na Ruanda-Urundi, ina Kimursi na Siriaque kwenye orodha, na wachezaji Watutsi wa Rwanda wanaposimama na kuruka, Stewart Granger na Deborah Kerr wanageuka kuwa watazamaji kama sisi. Picha ile ilipata Oscar ya upigaji picha, na nusu ya sifa hiyo ni ya ardhi na watu waliopigwa.

Na mabaki ya filamu ya Trader Horn mnajua yalikwenda wapi? Yaliwekwa kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932. Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea mwenye medali tano za dhahabu za Olimpiki, hakukanyaga huku; mandhari yetu yalimfuata California ndani ya makopo. Tembo aliokuwa nao walikuwa wa Asia, wakabandikwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa kwetu.

Lakini nataka nikupe mtu mmoja mkuu, uone kwamba hadithi ina upande wa pili. Sidney Poitier. Mwaka 1956 alikuja Kenya na Rock Hudson kupiga Something of Value, picha ya MGM juu ya Mau Mau, wakati vita vyenyewe vilikuwa bado vinaendelea. Poitier anacheza Kimani, Mkikuyu aliyelelewa pamoja na mtoto wa mlowezi kama ndugu, hadi siku anapopigwa kofi na kuambiwa yeye ni nani. Liangalie lile kofi. Kamera inabaki kwa Poitier. Haoni aibu, hakasiriki bado, anafikiri. Unaona utoto mzima unahesabiwa upya nyuma ya macho yale. Hadithi yenyewe imeandikwa kwa jicho la mzungu, lakini uso wa Poitier unasema jambo ambalo mwandishi hakuliandika.

Kisha mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa anatafuta nauli ya vijana wa Kenya waliopata nafasi za vyuo Marekani, waliotia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ni watatu: Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte, na Sidney Poitier. Septemba mwaka ule ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Wapo waliorudi wakawa walimu, madaktari, mawaziri. Kwa hiyo ninaposema nawapenda mastaa wa zamani, na huyo yumo. Aprili 1964 akawa mwanaume Mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora. Alifariki Januari 2022, mwezi mmoja na Krüger wa Momella. Ule mwezi nilikaa na picha zao wiki mbili nzima. Belafonte naye, mwaka mmoja baada ya Oscar ya rafiki yake, aliirekodi Malaika na Miriam Makeba. Iliyopendwa yetu, kwa Kiswahili.

Kuhusu aliyeshika kamba ya rafti: ndiyo sababu hasa nimeandika kwa Kiswahili na si kwa lugha nyingine. Wapo wajukuu wake wanaosoma hapa. Kama mzee wenu alifanya kazi Butiaba, Ruiki, Kagera, Momella au Nanyuki, mwandikeni jina lake hapa chini na kazi aliyofanya. Mimi nitakusanya.

---

Nyali kwa Jua:

Mzalendo ameuliza vyema na amejibiwa vyema. Nitazitafuta Red Dust na Mogambo wikendi hii nizione kwa mpango ule, usiku mmoja mmoja.

---

Binti Meru:

Nimerudi. Jana nilienda Usa River na kompyuta yangu, nikamwekea bibi Hatari! Sauti hakuihitaji. Mbio za wanyama alizitazama kimya, mara mojamoja akisema "huyo mrefu" John Wayne akitokea. Tulipofika mwishoni, pale ndama wa tembo wanapomkimbilia Mama Tembo mjini Arusha, wote sebuleni tukawa tunacheka. Bibi hakucheka. Akanishika mkono, akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Mara ya tatu nikaelewa kwamba hawatazami tembo. Anatazama mtaa nyuma yao. Akaniambia pale palikuwa na duka la Mhindi, pale ndipo babu yenu alinunua baiskeli, na huyo anayepita na kapu kichwani asiyegeuka kutazama kamera, anaenda sokoni, ni siku ya soko.

Nikamuuliza kama anamjua. Akasema simjui, ila kapu lile najua linavyosukwa, ni la kwetu. Mtoto wa Ujiji, nimemwandika kwenye karatasi hivyo hivyo kama alivyosema. Na kuna mjomba wake alikuwa dereva Momella mwaka ule, jina lake bibi analo. Jumapili naenda kumrekodi.